Kabla Hujaongeza Kifurushi, Chunguza Skrini ya Pili

Hapa Arusha video ikianza kusumbua kwenye kompyuta, lawama huenda mahali pamoja tu: mtandao. Iwe ofisini Sakina, sebuleni Njiro au kwenye chumba cha kupanga kule Ngaramtoni, mtu akiona picha imeingia ukungu au imeanza kurukaruka, anashika simu anunue bando jingine, au anampigia mtoa huduma wa faiba amwongezee kasi. Kazi yangu ni kuwatengenezea watu kompyuta, na kinachoniuma ni hizo pesa. Kwa wanaotumia skrini mbili, nimekuta mara nyingi kwamba mtandao haukuwa na kosa lolote. Tatizo lilikuwa pale pale mezani, kwenye waya, kwenye tundu, au kwenye ile skrini iliyoongezwa.

Siwalaumu wanaoanza na mtandao. Tumeuzoea ukiwa dhaifu. Kabla ya kebo ya intaneti ya chini ya bahari ya SEACOM kufika Dar es Salaam mwaka 2009, na EASSy kufuatia mwaka 2010, nchi ilikuwa ikining'inia kwenye setilaiti, ghali na nzito. Hata baada ya hapo, tarehe 12 Mei 2024 kebo hizo mbili zilipata hitilafu kwa pamoja, na mtandao ukazorota Tanzania nzima pamoja na majirani. Siku ile anayelaumu mtandao alikuwa sahihi kabisa. Ila tabia ya siku ile tumeibeba hadi siku ambazo faiba inafanya kazi yake vizuri, na hapo ndipo watu wanapoumia.

Meza yenye skrini mbili siku hizi si jambo la benki peke yake. Ofisi za utalii zinaweka ratiba ya safari kwenye skrini moja na barua pepe za wageni kwenye nyingine. Wanafunzi wanaosoma kwa mbali wanaweka mhadhara upande huu na madaftari yao upande ule. Vijana wanaofanya kazi za mtandaoni wananunua monita za mtumba, za inchi 19 au 22, kwa bei ambayo mtu hawezi kuikataa, na wengine wanachukua tu televisheni ya sebuleni na kuichomeka. Ni jambo zuri, na kwa kazi nyingi halina shida. Shida inaonekana kwenye video, kwa sababu video ndiyo kazi inayogusa kila kitu kwa wakati mmoja: mtandao, prosesa, kadi ya picha, waya na skrini yenyewe.

Ili ujue kosa liko wapi, inabidi ujue kwanza video inavyosafiri. Huduma kama YouTube na Netflix hazikutumii filamu nzima kama faili moja. Filamu imekatwa vipande vya sekunde chache chache, na kila kipande kimetengenezwa kwa viwango kadhaa vya ubora, kuanzia picha hafifu hadi 4K, ile picha kali sana ya televisheni kubwa. Kichezeshi kilichomo ndani ya kivinjari chako kinapima kasi unayopata, kinaangalia akiba ya sekunde ilizokwisha kupakua, kisha kinaomba kipande kinachofuata kwa kiwango kinachoona utakimudu. Kasi ikishuka, kinaomba kipande cha ubora wa chini. Ikishuka zaidi mpaka akiba ikaisha, ndipo unapoona kile kiduara kinachozunguka.

Kwa hiyo mtandao dhaifu una sura yake. Picha inakuwa na ukungu, nyuso zinapoteza mistari, nyasi za uwanja wa mpira zinageuka vimraba vimraba, kisha inakuja duara. Lakini picha ikiwa safi kabisa, kila jani unaliona, halafu mchezaji anakimbia kwa kurukaruka au midomo haiendani na sauti, hiyo si sura ya mtandao. Kipande kimeshafika salama, tena kile cha ubora wa juu. Kinachoshindwa ni kompyuta kukifungua na kukichora kwa wakati. Ningependa kila anayelipia faiba aitambue tofauti hii hata kama hatasoma kingine chochote hapa.

Akiba ile ichukulie kama simtanki la juu ya nyumba. Bomba la mtaani likiwa linatoa kidogo, tanki linashuka. Tanki likiwa limejaa hadi juu na bado jikoni maji yanadondoka matone, hakuna haja ya kwenda kulalamika mamlaka ya maji; fundi aje aangalie mabomba ya ndani.

Na tanki hilo unaweza kulichungulia. Ukiwa YouTube kwenye kompyuta, bonyeza kitufe cha kulia cha kipanya juu ya video, kisha uchague mstari wa mwisho kabisa wa orodha inayotokea. Kitafunguka kidirisha cheusi chenye takwimu. Ndani yake kuna kasi ya muunganisho, kuna akiba kwa sekunde, kuna ukubwa wa picha unayopewa, kuna aina ya kodeki (njia iliyotumika kubana video, ambayo kompyuta inabidi iifungue), na kuna hesabu ya fremu zilizodondoshwa, yaani picha zilizopaswa kuonekana lakini kompyuta ikazikosa. Akiba ikicheza karibu na sifuri, mlaumu mtandao. Akiba ikiwa sekunde nyingi na fremu zilizodondoshwa zikiongezeka huku unatazama, mtandao umeshamaliza kazi yake.

Dada mmoja mwenye ofisi ndogo ya utalii Sakina alinipigia akiwa tayari amepandisha kifurushi chake cha faiba. Video za hoteli na kambi alizotaka kuwaonyesha wageni zilikuwa zinagugumia kwenye skrini ya pili. "Kaka, nimelipa zaidi na hakuna kilichobadilika," aliniambia, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka. Tukafungua kile kidirisha. Akiba ilikuwa imejaa. Fremu zilizodondoshwa zilikuwa zinapanda kama mita ya teksi.

Kompyuta yake ilikuwa ya mezani, mtumba, yenye prosesa ya Intel ya kizazi cha 4. Ni mashine imara kwa barua na mahesabu. Lakini YouTube mara nyingi hutuma video kwa kodeki ya VP9 au AV1, na prosesa ile haina sehemu maalumu ya kufungua VP9 kikamilifu. Kwa Intel uwezo huo kamili ulikuja na kizazi cha 7, na wa AV1 ulikuja na kizazi cha 11. Bila sehemu hiyo, prosesa nzima inafanya kazi ya kufungua picha kwa nguvu za kawaida. Skrini ikiwa moja, inajitahidi na kuvuka. Ukiongeza skrini ya pili yenye ramani inayosogea na dirisha la mkutano lililo wazi, inazidiwa. H.264, kodeki ya zamani iliyotoka mwaka 2003, karibu kila kompyuta inayouzwa mjini leo inaifungua kwa urahisi. Tuliweka kiongezo kwenye kivinjari kinachoilazimisha YouTube itoe H.264, na mkwamo ukaisha.

Lakini kuna gharama lazima niitaje kwa wanaotumia bando. H.264 inatumia data nyingi kuliko VP9 kwa picha ya ubora ule ule, na YouTube haiitumii kwa ubora unaozidi 1080p, yaani HD kamili. Kwa mwenye faiba isiyo na kikomo na monita za kawaida, hakuna anachopoteza. Kwa anayenunua data kwa gigabaiti, afikirie kwanza. Hesabu yenyewe ni rahisi: Netflix inapendekeza megabiti 5 kwa sekunde kwa ubora wa 1080p, na mtiririko wa kasi hiyo ukienda saa nzima ni gigabaiti 2.25.

Kwenye ofisi ile ile kulikuwa na jambo la pili ambalo nalikuta sana. Fundi aliyemuuzia alikuwa amechomeka kadi ndogo ya picha ndani ya boksi la kompyuta, kisha skrini moja ikaunganishwa kwenye kadi hiyo na nyingine kwenye tundu la ubao mkuu. Picha zinatoka, mteja anafurahi. Kumbe sasa kuna injini mbili tofauti za picha, na dirisha la video likivutwa kutoka skrini moja kwenda nyingine, kila fremu inabidi inakiliwe kutoka injini moja hadi nyingine. Kama kadi ina matundu mawili, skrini zote zichomekwe hapo. Pia, kwenye mipangilio ya kivinjari, angalia kama kile kiswichi cha kuruhusu kadi ya picha isaidie kimewashwa. Kwenye Chrome, andika chrome://gpu kwenye kisanduku cha anwani, utaona kama kufungua video kunasaidiwa na kadi au la. Draiva ya kadi, yaani programu inayoiendesha, ikiwa ya zamani sana, msaada huo unaweza kuwa umezimwa bila wewe kuambiwa.

Tatizo lililonifundisha zaidi, na ambalo wengi hawaliamini mpaka walione, lilikuwa Njiro. Chalii mmoja anayefanya kazi za mtandaoni alikuwa na laptopu, na skrini ya pili aliiunganisha kupitia doki ya USB 3.0, kile kiboksi kinachoiongezea laptopu matundu. Video zake zilikuwa na ukungu na duara, yaani ile sura halisi ya mtandao dhaifu. Akapima kasi, ikawa chini. Kwa hiyo alikuwa na kila sababu ya kumshuku mtoa huduma. Lakini alipokuwa anachomoa doki ili aende kukaa kibarazani, kasi ilikuwa inarudi.

Mwaka 2012 kampuni ya Intel ilichapisha waraka unaoeleza jambo hili. Vifaa na waya za USB 3.0 vinapopitisha data hutoa kelele ya redio, na sehemu ya kelele hiyo inaangukia kwenye masafa ya gigahezi 2.4. Masafa hayo ndiyo yanayotumiwa na Wi-Fi ya zamani, na kipanya kisicho na waya, na Bluetooth. Doki isiyofunikwa vizuri ikikaa kando ya laptopu, antena ya Wi-Fi inakuwa kama mtu anayejaribu kusikia akiwa ameegemea jenereta. Ruta iko salama, faiba iko salama, ila masikio ya kompyuta yamezibwa na kifaa kinachobeba skrini ya pili.

Tiba yake ni ya bei ndogo. Kama ruta yako inatoa majina mawili ya Wi-Fi, unganisha kwenye lile la gigahezi 5. Masafa hayo hayapiti vizuri kwenye kuta za tofali za bloku, kwa hiyo ruta iwe chumba kimoja na wewe au karibu. La sivyo, isogeze doki mbali na laptopu kwa waya mrefu kidogo uliokingwa vizuri. Bora kuliko yote, vuta waya wa mtandao kutoka kwenye ruta hadi kwenye kompyuta. Najua watu hawapendi waya kupita sebuleni. Lakini kwa kompyuta ya kazini isiyohama, sioni sababu ya kuitegemea Wi-Fi wakati waya wa mita kumi unamaliza ubishi.

Doki za USB zina jambo jingine. Baadhi yake hazipitishi picha moja kwa moja kutoka kwenye kadi. Zinatumia programu inayobana picha na kuituma kupitia USB, na kazi hiyo ya kubana inafanywa na prosesa. Kwa maandishi hutaona tofauti. Kwa video ya skrini nzima utaiona, hasa kwenye mashine yenye umri. Ukiwa na tundu la HDMI au DisplayPort kwenye kompyuta yenyewe, lipe video nafasi hiyo, na skrini ya doki ibaki ya kusomea.

Nilishuka Moshi kumwona mwalimu wangu mstaafu anayeishi Shanty Town. Baada ya shikamoo na chai akanipeleka moja kwa moja kwenye meza yake. "Mwanangu, YouTube inang'aa, lakini hii huduma ninayoilipia kila mwezi inaniletea picha ya kufifia. Sasa bure ndiyo iwe nzuri, na ya kulipia iwe mbaya?"

Ni swali zuri sana, na jibu lilikuwa nyuma ya meza. Monita moja ilikuwa imeunganishwa kwa HDMI. Ya pili ilikuwa ya zamani, kwa waya wa VGA wenye kichwa cha bluu. VGA ilizaliwa mwaka 1987 na kompyuta za IBM, na inabeba picha kwa mawimbi ya analogi. Huduma za filamu za kulipia zinalazimishwa na wenye haki za filamu kulinda picha hadi kwenye skrini, kwa mfumo unaoitwa HDCP, ambamo kompyuta na skrini zinatambuana kwanza kabla picha ya ubora wa juu haijaruhusiwa kupita. VGA haina uwezo wa kutambuana huko. Kompyuta ikiona kuna mlango mmoja usio na ulinzi, huduma inaweza kupunguza ubora, au kuonyesha weusi mtupu dirisha likivutwa upande huo. YouTube ya kawaida haina masharti hayo kwa video za bure, ndiyo maana iling'aa.

Tukachomoa waya wa bluu, tukafunga kivinjari na kukifungua upya. Filamu ikarudi na sura yake. Mwalimu aliguna tu, kisha akauliza kama wenye filamu wanajua kwamba anayeadhibiwa ni yule aliyelipa. Nakubaliana naye kwa moyo wote. Mtu anayelipia huduma kwa uaminifu anastahili angalau ujumbe mmoja kwenye skrini unaosema, monita yako ya pili ndiyo inayopunguza ubora. Ujumbe huo haukuwepo. Anaachwa aongeze kifurushi.

Sharti hilo linazidi kuwa kali kadiri ubora unavyopanda. Kwa 4K kwenye kompyuta ya Windows, Netflix inataka muunganisho wa HDCP 2.2 kwenye skrini zinazotumika, na inataja pia ubora wa juu kabisa kwa kila kivinjari, kwa kuwa havilingani. Kwa hiyo kabla ya kulipia daraja la 4K, jiulize kama meza yako inaweza kulipokea.

Kuhusu televisheni kama skrini ya pili, nitakwenda haraka. HDMI ya toleo la 1.4 ikibeba 4K inaishia kwenye fremu 30 kwa sekunde. Kubeba 60 kulianza na toleo la 2.0 la mwaka 2013. Televisheni kubwa ikichomekwa kwenye laptopu ya zamani, Windows inachagua 4K kwa hezi 30, yaani skrini inabadilisha picha mara 30 tu kwa sekunde, na mpira uliorekodiwa kwa fremu 50 au 60 unapoteza karibu nusu ya mwendo wake. Ingia kwenye mipangilio ya skrini, ishushe hadi 1080p kwa hezi 60. Mpira utatiririka, na kwa umbali wa kochi huenda usione ulichopoteza. Vivyo hivyo skrini mbili zikiwa na hezi tofauti sana, mfano 60 na 144, video ilikuwa inakwama kwenye matoleo ya zamani ya Windows 10. Toleo linaloitwa 2004 (hilo ni jina lake, si mwaka), lililotoka Mei 2020, lilirekebisha sehemu kubwa ya hilo. Bado nakutana na kompyuta ambazo hazijawahi kusasishwa tangu ziliponunuliwa.

Na umeme ukikatika, laptopu ikahamia kwenye betri, inapunguza nguvu ya prosesa na ya kadi ili idumu. Video iliyokuwa ikienda vizuri inaanza kugugumia dakika ile ile. Watu wanasema mtandao nao umeondoka na umeme, na kama ruta haina betri yake ni kweli. Kama ruta bado inawaka taa, badilisha mpango wa nishati kwanza.

Baada ya kupita yote hayo, akiba ikiendelea kukauka, basi mtandao una kesi ya kujibu. Upime kwa waya, si kwa Wi-Fi, na upime asubuhi na tena jioni watu wakiwa wamerudi nyumbani. Tumia fast.com, kipimo kilichowekwa na Netflix mwaka 2016, kwa sababu kinapima kutoka kwenye seva zake zenyewe, kisha ulinganishe na kipimo kingine. Kimoja kikiwa juu na kingine chini, andika namba zote mbili pamoja na saa, umpelekee mtoa huduma. Mtu mwenye namba husikilizwa tofauti na mtu mwenye malalamiko. Ukiongeza kifurushi hapo, unaongeza ukiwa na ushahidi.

Wale wanaojiandaa kununua monita ya pili, iwe karibu na Mnara wa Saa hapa Arusha au kwenye maduka ya Double Road kule Moshi, wageuze mgongo wa monita kabla ya kuuliza bei. Tafuta tundu la HDMI au DisplayPort. Kama kuna VGA pekee, iache, hata kama muuzaji atakupa adapta bure, kwa sababu adapta haitaipa VGA ulinzi ambao haina. Nenda na laptopu yako mwenyewe, uombe waichomeke pale pale, ucheze mechi ya 1080p kwenye skrini nzima, uvute dirisha kutoka skrini moja hadi nyingine, na ufungue kile kidirisha cheusi usome fremu zilizodondoshwa. Kisha fungua na ile huduma ya filamu unayoilipia, uangalie kama nayo inang'aa.